Akiba Iliyolala, na Jinsi ya Kuifuata

Katika nyumba nyingi za nchi yetu mna sanduku la bati ambalo halifunguliwi ila mtu anapokufa. Ndani yake mna karatasi za baba au za babu: cheti cha ubatizo, risiti za kodi ya zamani, barua ya kuandikwa kazi, kitabu kidogo cha akiba ya Posta, na labda kadi iliyokunjika yenye namba ndefu ambayo hakuna awezaye kusema ni ya nini. Watoto huzitunza karatasi hizo kwa heshima, kama wanavyoitunza fimbo ya mzee, lakini hawazisomi. Siku nyumba ya zamani inapobomolewa ili ijengwe ya mawe, karatasi hutiwa moto pamoja na takataka.

Twataka kuwaambia wasomaji wetu, hasa makarani waliozoea kushika majalada, na wakulima ambao walifanya kazi ya mshahara kabla ya kurudi shambani, kwamba mara nyingi kilichochomwa si karatasi tu. Mfanyakazi aliyekatwa mshahara kila mwezi kwa ajili ya uzee wake, mtu aliyeweka akiba benki kisha akahamia mji mwingine, mwenye hisa ambaye hakuipasha kampuni habari za sanduku lake jipya la posta, wote hao wameacha fedha mahali. Fedha hizo hazikuibwa, wala hazikurudi kwa tajiri aliyemwajiri. Zimelala tu, zimeandikwa jina la mtu, na zitalala hivyo mpaka mwenyewe au mrithi wake aende kuziulizia.

SHERIA YA MWAKA 2011

Zamani fedha zilizosahauliwa zilikaa kwa yule aliyekuwa nazo. Benki yenye hesabu ya mtu asiyeonekana kwa miaka ishirini iliendelea kuzitumia fedha zake katika biashara, na kampuni ya bima yenye fedha za marehemu haikuwa na haraka ya kumtafuta mjane. Mwaka 2011 Bunge la Kenya lilipitisha sheria juu ya mali za kifedha zisizodaiwa, na kwa sheria hiyo ikaundwa Mamlaka ambayo watu huiita kwa herufi zake nne za Kiingereza, yaani UFAA. Kazi yake ni kuzipokea fedha za namna hiyo kutoka kwa mabenki, makampuni ya bima, makampuni ya simu, vyama vya akiba na mikopo, waajiri na wengineo, kuzihifadhi kama amana, na kumrudishia mwenyewe atakapojitokeza.

Kipimo cha sheria ni ukimya wa mwenye mali. Hesabu ya benki ambayo mwenyewe hakuigusa, wala hakuandika neno juu yake, kwa muda wa miaka 5 huhesabiwa kuwa imeachwa. Mgao wa faida wa hisa ambao haukuchukuliwa huhesabiwa hivyo baada ya miaka 3, na hisa zenyewe zaweza kufuata njia hiyo hiyo. Mshahara ambao mfanyakazi hakuurudia baada ya kuacha kazi hungojewa mwaka 1 tu. Hata salio lililobaki katika simu ya mtu aliyefariki, ikiwa laini yake imekufa pamoja naye, mwishowe hupelekwa huko.

Sheria yamtaka mwenye kushika fedha amtafute mwenyewe kwanza, kwa kumwandikia katika anwani ya mwisho iliyo katika majalada. Hapa ndipo mambo huharibika. Nani kati yetu hakuwahi kutumia sanduku la posta la shule, la kanisa, au la duka la Mhindi sokoni? Mtu alijaza fomu akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili, akaandika anwani ya shule ya msingi iliyo karibu na kwao. Barua ya benki inafika shuleni miaka thelathini baadaye. Mwalimu mkuu wa leo hamjui mtu huyo, na barua yatiwa katika mtoto wa meza. Benki imetimiza wajibu wake, na fedha zapelekwa.

Kupelekwa huko si hasara, wala haki ya mwenyewe haiishi kwa kupita miaka. Aliye hai aweza kudai leo au baada ya miaka kumi, na aliyekufa aweza kudaiwa na warithi wake.

Kutazama kama jina lako limo ni kazi ndogo. Mwenye simu, hata ile ya vitufe isiyo na mambo mengi, hubonyeza *361# na kufuata maagizo, akiwa na namba ya kitambulisho chake. Aliye na intaneti aweza kutazama katika tovuti ya Mamlaka. Asiyependa mashine aende katika kituo cha Huduma, vile vilivyoanza kufunguliwa mwaka 2013, aulize meza ya Mamlaka hiyo. Kutazama namba ya baba aliyefariki pia kwafaa, maana mara nyingi jina la baba ndilo lililomo, wala si la mtoto. Na mtu asife moyo jina lake lisipoonekana, kwa sababu tutakazozitaja.

Hapa twaongeza onyo. Mamlaka haitozi ada ya kudai mali yako. Wako watu wanaopiga simu wakisema, "Tumekuta fedha za marehemu baba yako, tuma kwanza elfu mbili za kufungua jalada." Huyo ni mwizi, hata ajue jina la baba yako, la kijiji chako na la chifu wako. Majina ya marehemu huandikwa magazetini na husomwa kanisani, na kila mtu aweza kuyasikia.

MALIPO YA UZEENI HAYAKAI MAHALI PAMOJA

Kosa wanalolifanya wengi ni kudhani kwamba akitazama katika Mamlaka hiyo na kukuta hamna kitu, basi safari imekwisha. Akiba ya uzee ina njia zake, na sehemu kubwa yake bado iko kwa wale wanaoishika tangu mwanzo.

Ya kwanza ni Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ambayo kila mfanyakazi aijua kwa herufi NSSF. Ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, ikawa idara ya Serikali, kisha mwaka 1987 sheria ikageuzwa ili isimamiwe na bodi ya wadhamini. Kwa miaka mingi mchango ulikuwa mdogo: katika miaka ya mwisho ya utaratibu ule wa zamani mfanyakazi alikatwa shilingi 200 kwa mwezi, na mwajiri akaongeza 200. Sheria mpya ya mwaka 2013 ilikaa mahakamani muda mrefu, na michango ya namna mpya ikaanza kukatwa mwaka 2023. Watu wengi waliofanya kazi zamani huona haya kwenda kuuliza, wakisema, "Shilingi mia nne zitanifaa nini?" Lakini mia nne kwa mwezi kwa miaka kumi na tano ni elfu sabini na mbili, na juu yake mna riba iliyoongezwa mwaka baada ya mwaka. Kwa mjane mwenye deni la karo hicho si kitu cha kuonea haya.

Mwanachama aweza kudai afikishapo miaka 60, au tangu miaka 50 akiwa ameacha kazi. Akifa, wanaomtegemea ndio wadaio, nao hutakiwa kuleta cheti cha kifo, vitambulisho, barua ya chifu inayowatambulisha, na vyeti vya kuonyesha ndoa na uzazi.

Na tuchukue mfano, ambao si wa mtu fulani bali ni wa maelfu. Kijana atoka kwao Vihiga mwaka 1974, aandikwa kazi ya kupakia mizigo Mombasa. Baada ya miaka sita aenda Kericho katika mashamba ya chai. Huko karani wa kampuni amwuliza namba yake ya hazina, naye kadi ameiacha Mombasa kwa rafiki. Karani, ili asichelewe na kazi yake, amjazia fomu mpya. Baadaye apata kazi katika kiwanda cha sukari Mumias, karibu na nyumbani, na mambo yawa yale yale. Mzee huyu astaafu akiwa na namba tatu, na anayoijua ni moja. Alipwa kwa namba hiyo moja, ashukuru, arudi kulima mahindi. Michango yake ya Mombasa na ya Kericho yabaki imelala katika hazina ile ile aliyotoka kulipwa, na karani wa dirishani hawezi kuijua kwa sababu mzee hakumwambia kwamba alipata kufanya kazi huko.

Dawa yake ni kuandika orodha ya kazi zote alizofanya mtu: jina la kampuni, mji, mwaka wa kuingia na wa kutoka, hata kama ni kwa kukadiria. Orodha hiyo iambatanishwe na karatasi yoyote iliyosalia, barua ya kuandikwa au karatasi ya mshahara, kisha iombwe hesabu yote na namba ziunganishwe. Karatasi ya mshahara ina faida nyingine. Wako waajiri waliowakata watu mshahara bila kuipelekea hazina fedha hizo. Hesabu ikionyesha miezi isiyo na mchango, na karatasi ya mshahara ikionyesha kwamba ulikatwa, unao ushahidi. Bila karatasi, una maneno tu.

KAMPUNI IKIFA

Njia ya pili ni mifuko ya kustaafu ya makampuni na mashirika. Hii ndiyo isahauliwayo zaidi, kwa sababu watu hufikiri mfuko ni mali ya tajiri, na tajiri akifilisika na mfuko umekwisha. Sivyo. Tangu sheria ya mwaka 1997 iliyounda Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, mfuko wa namna hii husimama peke yake mikononi mwa wadhamini. Fedha zake huwekwa kwa benki iliyopewa kazi ya kuzilinda, mbali na fedha za kampuni, na wanaoidai kampuni hawana ruhusa ya kuzigusa. Kiwanda chaweza kufungwa, mashine zikauzwa kwa mnada na majani yakaota uani, na bado wadhamini wawe na kitabu chenye jina lako.

Tena, aliyeacha kazi kabla ya umri wa kustaafu haruhusiwi kuchukua kila kitu. Alilipwa sehemu yake, akafurahi, akanunua ng'ombe au bati za nyumba, na ile sehemu nyingine ikabaki mfukoni ingoje umri wake. Miaka ishirini ikapita. Ukimwuliza leo atakuambia kwa hakika kabisa, "Mimi nilikwisha lipwa." Twawaomba wote waliopata kulipwa fedha za kuacha kazi wasome tena barua waliyopewa siku hiyo, hasa mistari ya chini.

Namna ya kuupata mfuko ni kuuliza jina lake la sasa. Aliyefanya kazi katika Shirika la Posta na Simu asilitafute shirika hilo, kwani liligawanywa mwaka 1999 likazaa Telkom, Shirika la Posta na tume ya mawasiliano. Mfuko wa pensheni wa watu wake uliendelea kwa jina la Teleposta. Aliyefanya kazi katika Shirika la Reli la Kenya ajue kwamba mwaka 2006, mwaka ule reli ilipokodishwa kwa kampuni binafsi, ulianzishwa mfuko wa wastaafu wa Reli, ukapewa ardhi na nyumba za Shirika ili pensheni zilipwe kutokana nazo. Asiyejua mfuko wa kampuni yake ulikwenda wapi aiandikie Mamlaka ya Mafao ya Kustaafu, ambayo huiandikisha mifuko yote na kuisimamia.

Watumishi wa Serikali na walimu wana njia yao, nayo ni Idara ya Pensheni iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Mstaafu akifa, pensheni haikatiki siku hiyo hiyo, maana sheria yawapa wanaomtegemea malipo kwa muda wa miaka mitano. Wajane wengi hawalijui hilo. Huiona pensheni ikikoma kuingia benki, hudhani ndiyo desturi, na hukaa kimya.

Wazee waliofanya kazi katika reli, bandari na posta za Afrika Mashariki kabla ya mwaka 1977 wana kisa kirefu zaidi. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, mtu aliyezaliwa Kisumu aliweza kuwa na jalada lake Dar es Salaam au Kampala. Mapatano ya mwaka 1984, yaliyotayarishwa na mpatanishi kutoka Uswisi, Dkt. Victor Umbricht, yaligawa mali na madeni ya Jumuiya, na kila serikali ikakubali kuwalipa pensheni raia wake. Basi mrithi wa Mkenya aliyefanya kazi Tabora huanzia Nairobi, wala hana haja ya kupanda basi la Tabora.

BENKI ZILIZOBADILI MAJINA

Vitabu vya zamani vya benki huwakatisha watu tamaa kwa sababu jina lililoandikwa juu yake halipo tena mjini. Lakini benki hununuana na kubadili majina, na deni hufuata jina jipya. National and Grindlays ndiyo iliyozaa Benki ya Biashara ya Kenya, yaani KCB, Serikali iliponunua sehemu yake kubwa mwaka 1970. Barclays imekuwa Absa tangu mwaka 2020. Commercial Bank of Africa na NIC ziliungana mwaka 2019, zikawa NCBA. Jumuiya ya majengo iliyojulikana kwa jina la EABS ilimezwa na Ecobank mwaka 2008. Akiba ya Posta, iliyoanza katika nchi hii mwaka 1910, haikubadilika sana. Ni ile ile Postbank.

Benki iliyofilisika ni jambo jingine. Hapo mtu haendi benki, bali kwa Shirika la Bima ya Amana, ambalo hulipa fedha za wateja hadi kiasi kilichowekwa na sheria, nacho ni shilingi 500,000 kwa kila mtu tangu mwaka 2020. Wako wateja wadogo wa benki zilizofungwa ambao hawajafika kudai mpaka leo, kwa kuwa walisikia redioni kwamba benki imekufa, wakaamini kwamba fedha zao zimezikwa nayo.

JINA NA MAREHEMU

Sasa twaja kwenye jambo linalowatesa watu kuliko yote, nalo ni jina. Mtu mmoja aitwa kwa jina la ukoo nyumbani, kwa jina la ubatizo kanisani, na kwa yote mawili kazini; na karani wa mwaka 1969, ambaye hakutoka katika kabila lake, aliliandika kama alivyolisikia. Wanjiru akawa Wanjiro, Wafula akapewa herufi l mbili, Mwinyi akawa Mwini. Mashine haina huruma: ikiulizwa Wafula haitajibu kwa Wafulla. Ndiyo sababu tulisema mtu asife moyo jina lake lisipoonekana mara ya kwanza. Ajaribu kila namna ambayo jina lilipata kuandikwa, akianza na zile zilizo katika karatasi za sanduku la bati. Likipatikana, tofauti hiyo hutengenezwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, ikieleza kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Na kwa makarani wenzetu twasema bila kuficha: dakika moja ya kumwuliza mzee jina lake litajwavyo, herufi kwa herufi, yaweza kumwokolea mwanawe safari tano za Nairobi.

Jambo la pili ni warithi. Hapa watu huchanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenga. Fedha za benki, hisa, na mali nyingine ya marehemu ni mirathi. Kuzipata kwahitaji hati ya mahakama ya kusimamia mirathi: maombi hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu hupewa siku 30 za kupinga, na kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi sita. Siku hizi mahakama za mahakimu wilayani husikiliza mambo hayo, na si lazima mtu aende Mahakama Kuu. Aliye na mirathi ndogo aweza kumwendea Mdhamini wa Umma, afisa aliye chini ya Mwanasheria Mkuu, ambaye husimamia mirathi za namna hiyo, naye huanza na barua ya chifu yenye majina ya warithi wote. Wote, twasisitiza, pamoja na mabinti walioolewa, maana jina likiachwa kwa makusudi jalada huweza kurudishwa mwanzo.

Lakini fedha za mfuko wa kustaafu si sehemu ya mirathi. Sheria yasema wadhamini wa mfuko wawalipe wale waliotajwa na mwanachama katika fomu aliyoijaza, kwa kufuata kanuni za mfuko. Basi msomaji na ajiulize aliandika nini katika fomu hiyo. Wengi waliijaza siku ya kwanza ya kazi, wakiwa hawajaoa, wakamtaja mama au kaka. Tangu hapo wameoa, wamezaa watoto watano, mama amekwisha fariki, na fomu i vile vile. Mjane akifika ofisini akutwa si mtu wa fomu, na mashauri yaanza kati yake na shemeji zake, watu waliokula naye sahani moja. Kubadili fomu hakuna gharama, na kunatosha asubuhi moja. Ni ajabu kwamba mtu atakayesafiri siku mbili kwa ajili ya mpaka wa shamba la ekari moja hawezi kwenda ofisi ya chini ghorofani kwa ajili ya jambo hili.

Tena kuna siri. Wanaume wengi hawawaambii wake zao wana hesabu gani na wapi. Wengine waogopa kuombwa, wengine waona ni mambo ya kiume. Hatutaingilia nyumba za watu, lakini twaona kwamba fedha nyingi zilizomo katika Mamlaka ile hazikupotea ofisini. Zilipotea nyumbani, kwa sababu aliyezijua alikufa bila kutaja. Karatasi moja yenye jina la benki, la mfuko, namba za uanachama na mahali hisa zilipo, ikawekwa mahali ambapo mke au mtoto mkubwa apajua, ingekuwa imewapunguzia Mamlaka kazi kwa nusu.

Sheria yenyewe ni njema, ila haijawa nyepesi kwa mtu wa kijijini. Mjane anayedai shilingi elfu nane hutakiwa hati karibu zile zile anazotakiwa mwenye kudai milioni nane, na nauli, ada za mahakama na picha za vyeti huweza kuila nusu ya madai kabla hayajalipwa. Ndiyo sababu twawashauri wenye madai madogo waanze na Mdhamini wa Umma, tena wakusanye madai yote ya marehemu, ya benki, ya hisa na ya simu, wayaweke katika ombi moja la mirathi, badala ya kwenda mara tatu.

Neno moja limebaki kwa walioitazama namba yao wakakuta hamna kitu. Wenye kushika fedha hufunga hesabu zao tarehe 30 Juni kila mwaka, na hutakiwa kuzipeleka habari za mali zisizodaiwa kabla ya tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo fedha ambazo hazikuwamo mwezi wa Septemba zaweza kuwamo mwezi wa Desemba. Aliyetazama mapema na atazame tena kabla ya Krismasi, wakati ambapo vijana wamerudi nyumbani kutoka mijini na simu zao, na sanduku la bati liko karibu.